Kufunga Nchi, Kufunga Daftari

Kata ya Kiongoroni, wilayani Kibiti, imo ndani ya delta ya Rufiji, pale mto unapogawanyika mikono mingi kabla ya kuingia bahari inayotazamana na Mafia. Huku safari hupangwa na maji. Yakijaa, mitumbwi na boti hupita. Yakikupwa, hubaki tope na mizizi ya mikoko, na mwenye mgonjwa hana la kufanya ila kusubiri. Watu wanalima mpunga, wanavua kamba na samaki, wanakamata kaa, wanauza boriti. Wenye mshahara wa mwisho wa mwezi ni wachache: mwalimu, mganga wa zahanati, mtendaji. Wengine wanakula walichokipata jana au leo asubuhi.

Tangu 2020 Watanzania wamebishana juu ya namna serikali ilivyopaswa kukabili Uviko-19, na ubishi huo umekuwa wa mjini. Dar es Salaam, Dodoma na Nairobi waliuliza swali moja: kufungia watu ndani au kutowafungia? Waliomtetea Rais John Magufuli walisema aliokoa uchumi. Waliompinga walisema alicheza na roho za watu. Miaka imepita, pande mbili zimebaki palepale, kwa sababu kila upande unajibu swali ambalo mwenzake hakuuliza. Ukilitazama suala hili kutoka Kiongoroni, unaona kwamba palikuwa na maamuzi mawili, na kwamba yalifungwa pamoja kama kwamba ni moja. Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutofunga nchi. Wa pili ulikuwa kufunga daftari la wagonjwa na wafu. Wa kwanza ulikuwa na hoja nzito, na nitazieleza. Wa pili haukuwa na hoja, na kuuficha nyuma ya wa kwanza ndiko kumeuharibu mjadala mpaka leo.

Kwanza niseme jinsi janga linavyoingia mahali kama hapa. Kaa wa mikokoni husafirishwa wakiwa hai, na soko lao kubwa liko Asia, hasa China. China ilipoufunga mji wa Wuhan Januari 23, 2020, na mashirika ya ndege yakaanza kusitisha safari, biashara ya namna hii ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuumia, kwa kuwa kaa hai hawekwi ghalani. Wakati huo Tanzania haikuwa imetangaza mgonjwa hata mmoja. Hasara iliitangulia homa kwa karibu miezi miwili.

Mgonjwa wa kwanza alitangazwa Machi 16, 2020 na Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu: msafiri aliyeingia Arusha akitokea Ubelgiji. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alifunga shule na kuzuia mikusanyiko. Kifo cha kwanza kilitangazwa Machi 31. Aprili ndege za abiria kutoka nje zilisitishwa. Ndoo za maji tiririka zilisimama kwenye milango ya maduka, stendi na misikiti, na barakoa za vitambaa zikashonwa na mafundi cherehani kila mtaa. Mpaka hapo serikali ilikuwa ikifanya kwa kiasi kikubwa kile kilichofanywa na majirani. Tofauti ilianzia kwenye nyumba za ibada, zilizoachwa wazi, na kwenye masoko na mabasi, yaliyoendelea na kazi.

Kwa watu wa pwani, jambo la nyumba za ibada halikuwa dogo. Ramadhani ya mwaka ule ilianza siku za mwisho za Aprili. Mombasa misikiti ilikuwa imefungwa. Makka yenyewe tarawehe zilisaliwa bila mahujaji. Rufiji na Kibiti watu walisali tarawehe kama kawaida, wakafuturu, wakazika maiti zao kwa jamaa kusimama safu. Anayelikumbuka jambo hilo kwa shukrani ana haki ya kufanya hivyo.

Hoja ya kutofunga ilisimama juu ya mambo ambayo wakazi wa delta hawahitaji kufundishwa. Kumwambia mtu akae ndani kunahitaji awe na chakula ndani. Kunahitaji nyumba yenye vyumba vya kutosha ili anayekohoa atengwe na bibi yake. Kunahitaji serikali iwe na uwezo wa kuwafikishia unga wale waliozuiwa kwenda kuutafuta, na hakuna serikali ya ukanda huu iliyoonyesha uwezo huo nje ya miji yake mikubwa, na hata mijini ilikuwa kwa shida. Tena idadi kubwa ya Watanzania ni vijana, na ugonjwa huu ulionekana mapema kuwa unaua zaidi wazee na wenye kisukari, presha na maradhi ya moyo. Aliyesema kwamba dawa ya Milano si lazima iwe dawa ya Kibiti hakuwa mjinga.

Majirani nao walitoa ushahidi. Kenya ilianza amri ya kutotoka nje usiku Machi 27, 2020, na jioni ya siku hiyohiyo, kwenye kivuko cha Likoni, askari waliwapiga kwa virungu na mabomu ya machozi wafanyakazi waliokuwa kwenye foleni wakijaribu kurudi makwao kabla ya saa kufika. Walisukumwa wakalazwa chini, bega kwa bega, jambo ambalo amri yenyewe ilikusudia kulizuia. Amri hiyo iliondolewa Oktoba 20, 2021. Uganda ilifunga shule Machi 2020 na haikuzifungua kikamilifu mpaka Januari 10, 2022. Karibu miaka miwili. Wasichana walipata mimba, wavulana waliingia kwenye kazi za vibarua, na wengi hawakurudi darasani. Tanzania shule zilikaa zimefungwa kwa miezi mitatu na kidogo. Mwisho wa Juni 2020 zilikuwa zimefunguliwa zote. Mtoto wa Kiongoroni, asiye na intaneti wala televisheni ya masomo, hakuwa na mbadala wa mwalimu wake. Uamuzi ule ulimfaa, na wakosoaji wa Magufuli wanaolipita jambo hili kimya wanaipunguzia nguvu hoja yao.

Kuna jambo jingine linalowahusu hasa watu wa Kibiti. Mwaka 2016 na 2017 wilaya hii, pamoja na Mkuranga na Rufiji, ilipita katika mauaji yaliyoangamiza zaidi ya watu 30, wakiwemo askari polisi, wenyeviti wa vijiji na watendaji. Katikati ya 2017 polisi walipiga marufuku pikipiki kutembea baada ya saa 12 jioni. Kwa hiyo amri ya kutotoka usiku si habari ya redioni kwa mkazi wa huku. Anajua mama mwenye uchungu wa uzazi anafikaje kituo cha afya bila bodaboda. Anajua pia hofu inavyowafunga watu midomo, mpaka jirani asitake kuulizwa ameona nini. Serikali ikiagiza watu wakae ndani, inawaagiza watu wenye kumbukumbu, na kumbukumbu za Kibiti zilikuwa na umri wa miaka mitatu tu.

Basi uamuzi wa kwanza nauheshimu. Ungeweza kujadiliwa zaidi, ungeweza kuambatana na hatua nyingi za kuwalinda wazee, lakini ulikuwa uamuzi ambao mtu mwenye nia njema angeweza kuufikia.

Sasa wa pili. Mwisho wa Aprili 2020 takwimu za kila siku zilianza kukoma, na mapema Mei zikakoma kabisa. Hesabu ya taifa ilisimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21. Mei 3, akiwa Chato, Rais alisema kuwa sampuli za papai, mbuzi na vitu vingine zilipelekwa maabara ya taifa kwa majina ya watu, na baadhi zikarudi na majibu ya kuwa na virusi. Mkuu wa maabara alisimamishwa kazi kesho yake, kamati ikaundwa. Juni 7 Rais alitangaza kwamba Mungu ameiondoa corona nchini.

Tulichukulie suala la papai kwa uzito, maana wengi walilicheka na wengi walilishangilia, na wachache walilifikiri. Kipimo chochote chaweza kukosea. Maabara yoyote yaweza kuchafuliwa. Kiongozi anayeshuku majibu ana haki, hata wajibu, wa kuyajaribu. Lakini maabara mbovu hutengenezwa. Huwekewa vifaa, hubadilishiwa wataalamu, sampuli zake hupelekwa nchi nyingine zilinganishwe. Jibu lililotolewa lilikuwa kuacha kutangaza kila kitu, pamoja na vile visivyohitaji maabara: idadi ya waliolazwa kwa kukosa pumzi, idadi ya mitungi ya oksijeni iliyotumika, idadi ya makaburi.

Na waliojaribu kuhesabu kwa njia nyingine walikuta mlango umefungwa. Aprili 2020 vituo vya televisheni vilitozwa faini, na leseni ya mtandaoni ya gazeti la Mwananchi ikasitishwa kwa miezi sita. Julai, Kwanza Online TV ilifungiwa miezi 11 baada ya kusambaza tahadhari ya afya ya ubalozi wa Marekani. Mwandishi mmoja wa Zanzibar alisimamishwa miezi sita kwa habari ya mgonjwa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na Sheria ya Takwimu zilikuwa zimekwisha kuwafundisha watu kwamba namba ni kitu cha hatari. Bungeni, ndani ya siku zisizofika 15, walifariki wabunge watatu, akiwemo Waziri wa Katiba na Sheria, Augustine Mahiga. Freeman Mbowe, mwenyekiti wa Chadema wakati huo, aliwataka wabunge wa chama chake wasihudhurie vikao, Spika Job Ndugai akawaamuru warudi. Umma haukuelezwa kinachoendelea. Kwenye simu zilisambaa picha za mazishi ya usiku, serikali ikakanusha. Mtu wa kawaida aliachwa achague kati ya picha isiyo na maelezo na maelezo yasiyo na namba.

Kutofunga nchi hakulazimishi kufunga daftari. Sweden haikuwafungia watu wake ndani kama nchi nyingine za Ulaya, ikashutumiwa sana, lakini ilichapisha wagonjwa na wafu wake wakati wote, na baadaye tume yake yenyewe ikaweza kusema wapi serikali ilichelewa, hasa katika kuwalinda wazee. Brazil ilikuwa na rais, Jair Bolsonaro, aliyeudharau ugonjwa hadharani. Juni 2020 wizara yake ilipoondoa jumla ya takwimu kwenye tovuti, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamuru zirudishwe ndani ya siku chache. Wananchi wa Brazil walikufa kwa mamia ya maelfu, lakini walijua, na kwa kujua waliweza kumhukumu rais wao. Sisi tulinyimwa hata uwezo wa kumpongeza Magufuli kwa haki. Anayesema sera yake ilifanikiwa hana cha kuonyesha. Namba ambayo ingemtetea ilizuiwa na yeye mwenyewe.

Na hapa ndipo ninapofika kwenye jambo linaloniuma zaidi kuliko yote katika suala hili, kwa sababu linaihusu Rufiji.

Katikati ya miaka ya 1990 Wizara ya Afya, kwa msaada wa shirika la utafiti la Canada, IDRC, ilianzisha mradi uliojulikana kama TEHIP katika wilaya mbili: Morogoro Vijijini na Rufiji, ambayo wakati huo ilikuwa bado inaibeba Kibiti yote. Swali la mradi lilikuwa rahisi. Ikiwa wilaya itajua hasa watu wake wanakufa kwa nini, na ikapewa nyongeza ndogo ya fedha isiyofika dola 2 kwa kila mkazi kwa mwaka, je, itazitumia vizuri zaidi? Ili kujua, ilibidi kuhesabu. Kuanzia 1998 wahesabuji walizunguka nyumba kwa nyumba katika vijiji vya ukanda wa Bungu, Kibiti na Ikwiriri, kila baada ya miezi minne, wakiandika nani amezaliwa, nani amehama, nani amekufa. Kila palipotokea kifo, mhojaji aliwarudia wafiwa baada ya muda na kuwauliza kwa upole: alianza kuumwa lini, alikuwa na homa, alikohoa, alipumua kwa shida, alipelekwa wapi, alipewa dawa gani. Madaktari walisoma majibu na kukadiria chanzo cha kifo. Hakukuwa na maabara. Kulikuwa na baiskeli, fomu, kalamu na heshima kwa wafiwa.

Matokeo yaliaibisha bajeti. Morogoro ilionekana kwamba malaria ilibeba karibu asilimia 30 ya mzigo wa maradhi yanayoweza kutibiwa, ilhali ilipewa takriban asilimia 5 ya fedha. Wilaya zikageuza matumizi: vyandarua, dawa za malaria, mafunzo ya kumtazama mtoto mgonjwa mwili mzima badala ya kutibu kikohozi peke yake. Rufiji, vifo vya watoto wachanga vilishuka kutoka 100 kwa kila 1,000 mwaka 1999 hadi 72 mwaka 2000. Katika miaka mitano hivi, vifo vya watoto katika wilaya zote mbili vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Watu walikuja kutoka nchi za mbali kujifunza Rufiji, wilaya maskini iliyopewa kioo ikajiona uso.

Kwa hiyo mtu akisema Tanzania ya 2020 haikuweza kuhesabu kwa kuwa vipimo vilikuwa vibovu, ajibiwe kwamba Tanzania ilikuwa imeifundisha dunia kuhesabu bila vipimo. Afrika Kusini ilifanya hivyo wakati wa Uviko: kila wiki Baraza la Utafiti wa Tiba la nchi hiyo lililinganisha idadi ya vifo vyote na ile iliyotarajiwa kwa msimu, na tofauti ikaonyesha ukubwa wa janga hata pale ambapo wengi hawakupimwa. Kijijini kifo hakifichiki. Maiti wa Kiislamu huzikwa siku hiyohiyo au kesho yake, watu husitisha shughuli, mwenyekiti wa kitongoji anakuwapo kaburini, jina linajulikana, umri unakisiwa, dalili zinasimuliwa matangani. Mtendaji wa kijiji ana rejista ya wakazi. Kilichokosekana ni amri ya kuandika na ruhusa ya kutangaza.

Suala la nyungu na mitishamba nalo linaeleweka vizuri zaidi kwa mwanga huu. Wasomi wengi walilishughulikia kwa kejeli, na walikosea. Kujifukiza ni tiba ya wazee wetu. Watu wa delta wana majani yao, na mtu aliyebanwa na mafua akipata mvuke hupata nafuu. Taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, NIMR, ilitengeneza dawa ya mitishamba ikaitwa NIMRCAF. Mei 2020 Waziri wa Mambo ya Nje, Palamagamba Kabudi, alisafiri mpaka Madagascar kuchukua kinywaji kilichosifiwa huko. Kuitafuta tiba kwenye mimea si aibu; dawa kali ya malaria tunayoitumia leo ilitoka kwenye mmea. Aibu ni kuigawa tiba bila kuandika nani aliinywa, nani alipona, nani alikufa. Tulikuwa na somo la Loliondo la 2011, maelfu kwa maelfu walipokwenda Samunge kunywa kikombe cha dawa cha mchungaji aliyeitwa Babu kwa shilingi 500, na baadhi ya waliokuwa wakitumia dawa za kupunguza makali ya UKIMWI wakaziacha. Hapo pia daftari lilikosekana, na tukabaki na masimulizi. Mwaka 2020 mtetezi wa mitishamba alipaswa kuwa wa kwanza kudai hesabu.

Wimbi la mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2021 lilikuwa kali zaidi, na ndilo lililouvunja ukimya, ingawa kwa njia ya uchungu. Januari 2021 Baraza la Maaskofu Katoliki, TEC, lilitoa waraka wa kuwataka waumini wachukue tahadhari. Januari 27, Rais alitilia shaka chanjo hadharani. Siku chache baadaye Waziri wa Afya, Dorothy Gwajima, alisema nchi haina mpango wa kuzipokea, na akaonyesha mbele ya waandishi jinsi ya kusaga tangawizi, vitunguu, ndimu na pilipili. Chama cha ACT-Wazalendo kilitangaza kuwa Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ana Uviko. Akafariki Februari 17. Siku hiyohiyo alifariki Katibu Mkuu Kiongozi, John Kijazi. Mapema Machi, Katibu Mkuu wa TEC, Padre Charles Kitima, alisema kuwa ndani ya miezi miwili kanisa limepoteza mapadre zaidi ya 25 na masista wapatao 60 waliokuwa na dalili za shida ya kupumua.

Namba hiyo ya Padre Kitima inastahili kusomwa mara mbili. Kanisa liliweza kuisema kwa sababu lina daftari: kila jimbo linajua mapadre wake, kila shirika linajua masista wake, na kila anayefariki hutangazwa. Wachuuzi wa samaki hawana daftari kama hilo. Wakulima wa mpunga hawana. Vifo vya wenye taasisi vilionekana na vya wasio na taasisi havikuonekana, na mgawanyo huo ulifuata mstari uleule wa nani anasikika nchini siku zote. Serikali ndiyo taasisi ya wasio na taasisi. Ikiacha kuhesabu, mtu wa Kiongoroni hana wa kumhesabu.

Magufuli alifariki Machi 17, 2021. Taarifa rasmi ilitaja maradhi ya moyo. Samia Suluhu Hassan aliapishwa Machi 19, na Aprili 6 alisema ataunda kamati ya wataalamu, akieleza kwamba nchi haiwezi kujitenga kama kisiwa. Kamati hiyo, chini ya Profesa Said Aboud wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, iliwasilisha ripoti Mei 17. Ilipendekeza takwimu zirudi na chanjo zitumike. Mwisho wa Juni Rais alitaja idadi ya wagonjwa hadharani, kwa mara ya kwanza baada ya zaidi ya mwaka. Julai 24 zilifika dozi zaidi ya milioni 1 za Johnson & Johnson, na Julai 28 Rais alichanjwa mbele ya kamera.

Chanjo hiyo iliifaa delta kuliko zilizohitaji sindano mbili. Sindano moja ni safari moja ya boti, na inatunzwa kwenye baridi ya kawaida ya friji ya zahanati. Lakini watu walisita. Askofu Josephat Gwajima, mbunge wa Kawe, aliipinga mimbarini, na Agosti Bunge likamsimamisha kuhudhuria vikao. Adhabu ile haikujibu swali la muumini aliyekaa kwenye benchi: miezi sita iliyopita serikali ilituambia tuwe waangalifu na chanjo, leo serikali hiyohiyo inasema ni salama, nini kimebadilika? Kama pangekuwa na namba za wafu kati ya Januari na Julai, zingejibu zenyewe. Hazikuwapo, kwa hiyo wahudumu wa afya walilazimika kujibu kwa kubembeleza, nyumba kwa nyumba, mwaka mzima na zaidi. Mwanzoni mwa 2022 waliokamilisha chanjo hawakufika mtu 1 kati ya 20. Kufikia 2023 walikuwa wamevuka nusu ya wananchi wote. Mafanikio hayo ni ya wauguzi waliotembea kwa miguu na kwa mitumbwi, na hayajasifiwa vya kutosha.

Fedha nazo zilizua mjadala. Septemba 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa lilitoa mkopo wa dola milioni 567, shilingi trilioni 1.3, na sehemu kubwa ikaingia kwenye madarasa 15,000 ya shule za sekondari na shule shikizi nchini kote. Baadhi waliuliza corona na madarasa vinahusianaje. Swali halali, ingawa msongamano wa wanafunzi nao ni suala la afya, na mpango huo ulikuwa pia na mitambo ya oksijeni, magari ya wagonjwa na maji. Mimi kinachonisumbua ni kwamba darasa hupigwa picha na huzinduliwa, ilhali usajili wa vifo hauna utepe wa kukata.

Tulilipia pengo hilo. Katika hesabu za Shirika la Afya Duniani, Tanzania ina vifo 846 vya Uviko. Shirika hilo lilikadiria Mei 2022 kwamba dunia ilikuwa na vifo milioni 14.9 zaidi ya kawaida katika 2020 na 2021, karibu mara tatu ya vilivyoripotiwa. Kwa nchi zisizo na takwimu, makadirio yalitokana na kanuni za hisabati zilizojengwa juu ya data za nchi nyingine. Yaani wafu wa wilaya iliyowahi kuwafundisha wengine kuhesabu walikisiwa kwa kutazama wafu wa mahali pengine.

Je, tumejifunza? Machi 21, 2023, Marburg ilipozuka Bukoba Vijijini, serikali ilitangaza mapema, ikafuatilia waliokutana na wagonjwa, na Juni 2 ikatangaza mwisho: wagonjwa 9, vifo 6. Huo ulikuwa mwenendo mzuri. Januari 14, 2025, Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa ya washukiwa wa Marburg huko Kagera. Kesho yake wizara ilikanusha. Januari 20, Rais Samia, akiwa na mkuu wa shirika hilo, Tedros Adhanom Ghebreyesus, alithibitisha mgonjwa Biharamulo. Siku sita si mwaka mzima, lakini zinaonyesha kwamba mkono wa kwanza wa ofisi bado huenda kwenye kukanusha. Ni tabia ya taasisi, na haikuondoka na mtu mmoja.

Januari 31, 2024, Makamu wa Rais Philip Mpango alizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, 137,294 kwa miaka mitano, watakaofika mpaka vitongoji. Katika kata kama Kiongoroni watu hawa ndio watakaokuwa karibu zaidi na kifo kinapotokea, karibu kuliko daktari wa wilaya na karibu kuliko simu ya Dodoma. Wanafundishwa lishe, uzazi salama, malaria, kifua kikuu. Naomba waongezewe jambo moja kwa maandishi, lisiachwe kwenye hiari: kila kifo kitongojini kiandikwe ndani ya wiki, pamoja na umri na dalili kama walivyozieleza wafiwa, na jumla ya kila kata ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya mtendaji kila mwezi, iwe kuna janga au hakuna. Ikishabandikwa pale, haitahitaji kibali cha waziri kusomwa.